Muuguzi wa usingizi si deiwaka

Madai ya wauguzi wa usingizi yanapofika mezani kwa mwajiri, iwe ni halmashauri ya Tanzania au kaunti ya Kenya, jibu huwa limeshaandaliwa. Huyu ni muuguzi kama wauguzi wengine, wanaambiwa, alipelekwa kozi kwa sababu madaktari bingwa wa usingizi hawajatosha. Watakapotosha ataachia nafasi. Kwa hiyo hakuna haja ya kumwekea ngazi yake ya mshahara, wala kumtungia muundo wake wa utumishi, wala kumwandalia njia ya kupanda. Ni deiwaka: ameshika usukani mpaka mwenye gari arudi.

Wanaoshikilia maoni haya si watu wabaya. Wengi wao ni madaktari waliosota miaka mingi vyuoni, na maofisa utumishi wanaojua bajeti ya mishahara inavyobana. Hoja zao ni tatu. Kwanza, muuguzi wa usingizi ni suluhisho la muda. Pili, usalama wa mgonjwa unataka daktari, hivyo kumpandisha muuguzi ni kuhalalisha huduma ya daraja la pili. Tatu, fedha hazipo, na akiongezewa huyu wauguzi wote watasimama kudai. Hoja zote tatu zinasikika kama busara ya ofisini. Zote tatu ni potofu, na gharama ya upotofu huo inalipwa na wagonjwa.

Kabla ya kuzijibu inafaa kuitazama kazi yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi huu huendeshwa na watu ambao hawajawahi kusimama kichwani mwa meza ya upasuaji.

Mama mjamzito analetwa hospitali ya wilaya usiku wa manane, kondo la nyuma limeachia kabla ya mtoto kuzaliwa, damu inatoka. Daktari wa kumpasua yupo. Bingwa wa usingizi hayupo. Yuko hospitali ya rufaa, safari ya saa kadhaa, na pengine hata huko nafasi yake haina mtu. Uamuzi unabaki kwa muuguzi wa usingizi. Akimchoma mama huyu sindano ya ganzi ya mgongoni, mishipa ya damu ya sehemu ya chini ya mwili italegea, na presha ambayo tayari iko chini itaporomoka. Moyo unaweza kusimama pale pale. Akimlaza kwa ketamini presha itahimili zaidi, lakini sasa ana jukumu la kulinda njia ya hewa. Tumbo la mjamzito huchelewa kumwaga chakula, na asidi yake ikipanda ikaingia mapafuni inaua. Itabidi apitishe mpira kwenye koo ambalo ujauzito umelivimbisha, kwa mgonjwa ambaye oksijeni yake hushuka haraka kuliko ya mtu mzima mwingine yeyote, kwa sababu mji wa mimba umesukuma kiwambo juu na mwili wake unatumia hewa zaidi. Mpira ukiingia kwenye umio badala ya njia ya hewa, ana muda mfupi sana wa kugundua na kurekebisha.

Hapo hapo anakadiria dozi kwa uzito ambao hakuna aliyeupima. Anahesabu damu iliyopotea kwa kutazama vitambaa vilivyolowa. Anajua kwamba oksijeni inatoka kwenye mashine inayotegemea umeme, hivyo mtungi wa akiba lazima uwe umejaa tangu jana. Mtoto akitolewa amelegea, mara nyingi ni yeye tena anayeombwa msaada wa kumpa pumzi. Daktari anayepasua humuuliza swali moja tu: niendelee? Jibu lake ndilo linaloendesha chumba kizima.

Mwisho wa mwezi, hati yake ya mshahara haina tofauti kubwa na ya muuguzi mwenzake waliyemaliza naye chuo ambaye hajawahi kubeba uamuzi wa aina hiyo. Si kwamba mwenzake hastahili anachopata. Wauguzi wa wodi wanalipwa kidogo, na hiyo ni dhuluma nyingine inayodai makala yake. Shida ni kwamba mfumo unamtambua muuguzi kwa cheti chake cha uuguzi na miaka ya kazi, huku ujuzi mzima uliojengwa juu ya cheti hicho ukihesabiwa kama semina.

Sasa hoja ya muda.

Dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza kwenye upasuaji katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, tarehe 16 Oktoba 1846. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo kazi ya kumlaza mgonjwa ilitupiwa yeyote aliyekuwa karibu: mwanafunzi wa udaktari, mhudumu, wakati mwingine ndugu wa mgonjwa. Madaktari hawakuitaka, macho ya mwanafunzi yalikuwa kwenye kisu, na mgonjwa alikufa huku anayemlaza akitazama upasuaji. Ndipo madaktari wapasuaji walipowageukia wauguzi. Mwaka 1877 mtawa Mary Bernard alianza kazi hiyo katika hospitali ya St. Vincent's mjini Erie, Pennsylvania, na ndiye muuguzi wa kwanza anayejulikana kuifanya kama taaluma nchini Marekani. Huko Rochester, Minnesota, Alice Magaw aliwalaza wagonjwa wa ndugu wawili madaktari, William na Charles Mayo. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo hata kimoja kilichotokana na dawa ya usingizi. Alifanya hayo bila mashine ya kupima oksijeni, bila kipimo cha mapigo ya moyo kwenye kioo, kwa vidole vyake na masikio yake.

Kwa maneno mengine, huyu anayeitwa mshika nafasi alikuwepo kazini kabla udaktari wa usingizi haujawa fani yenye mafunzo na mitihani yake. Madaktari walipoanza kuutaka uwanja huo ugomvi ulifika mahakamani. Mwaka 1917, katika kesi ya Frank dhidi ya South, Mahakama ya Rufaa ya Kentucky ilisema muuguzi Margaret Hatfield hakuvunja sheria kwa kuwalaza wagonjwa wa daktari mpasuaji. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya California ikasema vivyo hivyo kuhusu muuguzi Dagmar Nelson. Kati ya kesi hizo mbili, mwaka 1931, Agatha Hodgins wa Cleveland, ambaye tangu 1915 alikuwa akiendesha shule ya usingizi katika hospitali ya Lakeside pamoja na daktari George Crile, aliongoza kuundwa kwa chama cha kitaifa cha wauguzi hao. Mtihani wa kitaifa ulianza 1945. Cheo rasmi kilichosajiliwa kilikuja 1956.

Hatua ambayo watu huisahau ni ya 1986. Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowezesha bima ya serikali ya wazee, Medicare, kumlipa muuguzi wa usingizi moja kwa moja kwa kazi aliyofanya, na malipo hayo yakaanza 1989. Hakuna tawi lingine la uuguzi lililokuwa limepata haki hiyo kabla yake. Tangu hapo thamani ya kazi yake ikaonekana kwenye vitabu vya hesabu kwa jina lake, wala haikuzikwa tena ndani ya bili ya daktari au ya hospitali.

Matokeo yake yanaonekana kwenye takwimu za kazi za serikali ya Marekani. Mei 2023 mshahara wa kati wa muuguzi wa usingizi ulikuwa dola 212,650 kwa mwaka. Wa muuguzi aliyesajiliwa wa kawaida ulikuwa dola 86,070. Ni karibu mara mbili na nusu. Na hiyo ni nchi yenye madaktari bingwa wa usingizi kwa maelfu mengi! Kama nadharia ya muda ingekuwa kweli, wauguzi hao wangekuwa wametoweka Marekani kabla ya mahali pengine popote. Badala yake mafunzo yao yamepandishwa. Tangu 2022 anayeingia darasani lazima aingie kwenye programu ya shahada ya uzamivu ya kitaaluma, baada ya kuwa amefanya kazi ya uangalizi wa wagonjwa mahututi walau mwaka mmoja. Ufaransa nayo, yenye mfumo wa afya usiofanana hata kidogo na wa Marekani, ina muuguzi wa usingizi anayesoma miaka miwili juu ya diploma ya uuguzi, na tangu 2014 diploma yake ina hadhi ya shahada ya uzamili. Hizi si nchi zilizokosa madaktari.

Msomaji asielewe kwamba Dodoma au Nairobi zinaombwa kulipa kwa dola. Kinachostahili kuchukuliwa kutoka Marekani ni utaratibu uliozaa mshahara ule: jina la taaluma linalotambuliwa na sheria, mtihani unaothibitisha ujuzi, na malipo yanayofuata kazi iliyofanywa. Na ikumbukwe kwamba ugomvi na madaktari haujaisha huko. Mwaka 2016 idara ya maveterani ya Marekani iliwapa wauguzi wa ngazi ya juu uhuru wa kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari, ikawaacha nje wauguzi wa usingizi. Majimbo mengine bado yanataka wasimamiwe. Hata hivyo, katika majimbo hayo hayo wanalipwa kama wataalamu. Suala la nani amsimamie nani na suala la kulipa ujuzi ni mambo mawili, na Afrika Mashariki imeyafunga pamoja bila sababu.

Hoja ya pili, ya usalama, ni nzito kuliko zote na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Wenye hoja hii wana utafiti mkononi. Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi za kipato cha chini na cha kati kuhusu vifo vya wazazi vinavyohusiana na usingizi. Pale ambapo asiye daktari ndiye aliyetoa usingizi, vifo vya wazazi vilikuwa 9.8 kwa kila 1,000. Alipokuwa daktari vilikuwa 5.2. Ni takwimu ya kutisha, na asiyeitaja akiandika kumtetea muuguzi anawadanganya wasomaji.

Lakini iulizwe imehesabu nini. Imehesabu vifo vyote vya wazazi waliopewa usingizi, kwa sababu yoyote. Daktari bingwa wa usingizi yuko mjini, kwenye hospitali yenye benki ya damu, chumba cha mahututi na wasaidizi. Muuguzi yuko mwisho wa barabara ya vumbi, na mama anayeletwa kwake amekwisha kukaa na uchungu siku mbili, au amefika akiwa na kifafa cha mimba, au amepasuka mji wa mimba njiani. Kulinganisha vifo vya sehemu hizo mbili na kumtwisha tofauti yote aliyeshika sindano ni kuusoma utafiti nusu.

Kuhusu vifaa kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2007 jarida la Anaesthesia lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda, nchi ambayo usingizi wake kwa sehemu kubwa hutolewa na wasio madaktari. Waliohojiwa waliulizwa wana vifaa gani. Ni asilimia 23 tu waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto asilimia 13. Kwa upasuaji wa kujifungua asilimia 6. Chukua profesa wa usingizi kutoka hospitali yoyote kubwa duniani, umweke pale bila kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, bila mashine ya kufyonza makohozi, bila dawa ya kupandisha presha, kisha mwaka mmoja baadaye uhesabu vifo vyake.

Pale ambapo vifaa havitofautiani sana, picha huwa na ukungu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 kwenye jarida la Anesthesiology uliona vifo vimezidi ambapo daktari wa usingizi hakuongoza. Mwingine wa 2010 kwenye Health Affairs haukuona madhara katika majimbo yaliyoondoa sharti la usimamizi. Huo uligharamiwa na chama cha wauguzi wa usingizi wenyewe, jambo ambalo msomaji anapaswa kulijua. Mapitio ya Cochrane ya 2014 yalikusanya ushahidi uliopo yakahitimisha kwamba hauruhusu kutoa hukumu ya uhakika upande wowote.

Na hata mtu akikubali takwimu za kutisha neno kwa neno, zinamwelekeza wapi? Kama mikono ya muuguzi inatia wasiwasi, dawa yake ni mafunzo marefu zaidi, vifaa, mtihani wa kurudia kila baada ya miaka kadhaa, bingwa wa kumshauri kwa simu, na kuhakikisha aliyekwisha kuwalaza wagonjwa elfu tano habaki kwenye daraja moja na aliyewalaza hamsini hadi akate tamaa na kuondoka. Hayo yote ndiyo muundo wa utumishi. Mwenye hoja ya usalama, akiifuata mpaka mwisho, anafika pale pale walipo wauguzi wanaodai. Kusema kazi hii ni ya hatari mno kuachiwa muuguzi, kisha kumwachia usiku na mchana bila daraja wala mwendelezo wa mafunzo, ni msimamo usiosimama.

Upande wa pili husema: tusomeshe madaktari. Ndiyo, wasomeshwe, tena kwa wingi. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limeweka lengo la kuanzia la madaktari watano kwa kila watu 100,000. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kwa hesabu hiyo Tanzania inahitaji madaktari bingwa wa usingizi zaidi ya 3,000. Kenya, kwa sensa yake ya 2019 ya watu 47,564,296, inahitaji karibu 2,400. Mmoja anasoma udaktari miaka mitano au sita, anafanya mafunzo kazini mwaka mmoja, anasoma ubingwa miaka mitatu au zaidi. Wakimaliza, wengi hubaki miji mikubwa, na si ajabu: huko ndiko kuna wagonjwa wa moyo, watoto wachanga wenye kasoro, chumba cha mahututi, na hospitali binafsi. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika uliofanyika katika nchi 25 na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta madaktari bingwa wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi wakijumlishwa pamoja ni 0.7 kwa kila watu 100,000. Mgonjwa wa Afrika alikuwa na hatari maradufu ya kufa baada ya upasuaji kuliko wastani wa dunia, ingawa alikuwa kijana zaidi na upasuaji wake haukuwa mkubwa zaidi.

Wakati hesabu hiyo ikisubiriwa, vyumba vya upasuaji vinaongezeka. Tanzania imevipandisha hadhi mamia ya vituo vya afya tangu miaka ya mwisho ya 2010 ili upasuaji wa dharura wa kujifungua ufanyike karibu na wananchi. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi zinasema vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Nchi imesifiwa kwa hilo, na inastahili. Lakini jengo halimlazi mgonjwa. Kituo chenye thieta inayofanya kazi saa 24 hakiwezi kuendeshwa na muuguzi wa usingizi mmoja: ataugua, atakwenda likizo, atajifungua. Watatu ndio mwanzo wa kupumua. Zidisha kwa mamia ya vituo, ongeza hospitali za wilaya na za mikoa, kisha aulizwe ofisa yeyote wa utumishi kama kundi kubwa namna hiyo, lenye kazi kama hiyo, linaweza kuendelea kuitwa la muda kwa miaka mingine thelathini.

Inabaki hoja ya fedha, ambayo ndiyo huhitimisha vikao vingi.

Serikali za Afrika Mashariki zimekwisha kukubali kwamba ubingwa unalipwa. Daktari akisoma ubingwa, mshahara wake unapanda. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa wote ni madaktari basi walipwe sawa. Kinachokataliwa ni kuupeleka msingi huo huo ng'ambo ya pili ya wodi. Ni kweli kwamba muuguzi wa usingizi akitambuliwa, muuguzi wa watoto njiti, wa kusafisha damu ya wagonjwa wa figo na wa chumba cha mahututi watadai nao watambuliwe. Watakuwa na haki. Hofu kwamba haki ya mmoja itawakumbusha wengine yao haiwezi kuitwa sera ya mishahara.

Nani amepiga hesabu ya hasara upande wa pili? Huko Kijabe, Kenya, hospitali ya misheni imekuwa ikiwafundisha wauguzi usingizi kwa mafunzo ya miezi 18, na wanafunzi wake wametoka hata Somaliland na Sudan Kusini. Ni miezi 18 ya walimu, dawa, vifaa na mgonjwa mmoja mmoja chini ya uangalizi. Tanzania imefanya kazi hiyo KCMC mjini Moshi kwa miaka mingi. Muuguzi aliyetoka huko akikata tamaa, ana milango miwili.

Mlango wa kwanza ni nje ya nchi. Hapa kuna jambo linalouma ambalo mijadala ya wauguzi kuhama hailigusi. Uingereza haina kada ya muuguzi anayetoa usingizi, kwa hiyo Mkenya au Mtanzania mwenye ujuzi huo akifika Leeds au Birmingham anapangiwa wodi, au anamwandalia vifaa daktari anayelaza. Marekani, yenye mishahara ile minono, haimruhusu kufanya kazi hiyo mpaka asome upya kwenye programu za huko, miaka mitatu hivi, baada ya kusajiliwa kama muuguzi wa kawaida na kupitia chumba cha mahututi. Daktari akihama walau ujuzi wake unamtibu mtu mahali fulani duniani. Ujuzi wa huyu unazimika kabisa. Mikono iliyojua kupitisha mpira kooni usiku wa manane inageuza wagonjwa kitandani katika nyumba ya wazee, kazi yenye heshima yake, lakini si ile aliyofundishwa kwa fedha za Waafrika na ambayo wilaya aliyoiacha haina mwingine wa kuifanya.

Mlango wa pili uko ndani ya hospitali hiyo hiyo, na unapitiwa na wengi zaidi. Muuguzi wa usingizi anayetaka kupanda daraja anakwenda kusoma shahada, mara nyingi ya uuguzi kwa jumla au ya afya ya jamii, kwa kuwa hizo ndizo muundo unazozitambua. Akirudi anapewa wodi, anakuwa muuguzi mfawidhi, anaingia ofisi ya wilaya kuratibu chanjo. Wengine huchukuliwa na mashirika. Kila hatua ya mafanikio kwake ni hatua ya kutoka thieta. Mfumo umepangwa ili aliye bora kuliko wote ndiye wa kwanza kuondoka, na anayebaki ndiye mpya. Kisha vifo vikihesabiwa, inasemwa: mnaona, wauguzi hawawezi.

Njia ya kupanda ambayo haimtoi mtu kwenye kazi yake haihitaji ubunifu mkubwa. Anaanza chini ya uangalizi kwa idadi fulani ya wagonjwa walioandikwa kwenye daftari lake na kusainiwa. Anafanya mtihani wa taifa, anapanda. Baada ya miaka kadhaa anaweza kujikita kwenye uzazi au kwenye watoto, fani ambazo makosa yake ni mepesi kufanyika na mazito kurekebisha. Juu ya hapo awe mkufunzi anayefundisha akiwa bado analaza, na msimamizi wa wilaya anayezunguka vituo vya afya kukagua vifaa, kupitia vifo, kusimama pembeni ya wageni wa kazi. Shahada ya kwanza na ya uzamili ya usingizi yenyewe itambuliwe kwenye ngazi za mishahara kama inavyotambuliwa ya uuguzi wa jumla. Posho ya kuitwa usiku ilipwe kwa saa, kwa sababu mahali wanapokuwa wawili tu, zamu ya kuitwa ni nusu ya maisha yao. Nchini Kenya iko pia hali ya ajabu ya ofisa wa kliniki wa usingizi na muuguzi wa usingizi kusimama kwenye meza zinazopakana, wakitumia dawa zile zile, huku kila mmoja akiwa chini ya muundo wake wa utumishi na baraza lake la usajili. Kazi moja ingepaswa kuwa na kipimo kimoja cha ujuzi na malipo yanayolingana.

Madaktari bingwa wa usingizi wana hofu kwamba ngazi hiyo itaishia kuwasukuma nje. Viwango vya kimataifa vya usalama wa usingizi vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la madaktari wa usingizi vinasema usingizi utolewe, uongozwe au usimamiwe na daktari wa fani hiyo kila inapowezekana. Iwe hivyo. Bingwa wa mkoa akiwa na wauguzi thelathini waliopangwa kwa madaraja, anajua nani anaweza kuachiwa nini, nani wa kupigiwa simu kwanza, nani wa kupeleka kituo kipya. Leo anao thelathini ambao kwenye karatasi wote ni sawa. Hawezi kuwasimamia kwa maana halisi, na akiitwa kujieleza baada ya kifo hana kumbukumbu ya kumsaidia. Anayeumia kwa kukosekana kwa ngazi hiyo ni bingwa pia.

Mpango wa taifa wa Tanzania wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi, ambao ulizinduliwa Machi 2018, ulikuwa wa kipindi cha kuanzia 2018 hadi 2025. Muda huo umekwisha. Waandishi wa mpango unaofuata watahesabu tena vyumba, mashine na mitungi, kama inavyopasa. Wakifika kwenye sura ya watumishi, waandike muuguzi wa usingizi kwenye mstari wake mwenyewe wa ikama, na ngazi yake ya mshahara kuanzia anayeingia hadi mkufunzi mwandamizi, na sharti kwamba miaka aliyoitumikia thieta ihesabiwe kwenye kila kupanda daraja. Kazi hiyo iko mikononi mwa wizara ya afya, ofisi ya utumishi wa umma na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kumsubiri daktari bingwa wa elfu tatu ahitimu ndipo ianze.